Kuondoa mifuko chini ya macho: upasuaji wenyewe na wiki zinazofuata

"Dokta, nalala vizuri, lakini kila mtu ananiuliza kama naumwa." Malalamiko haya nayasikia sana kwa watu wanaokuja kliniki na mifuko chini ya macho. Kabla ya kuzungumzia kisu, nataka kujua mfuko umetokana na nini. Ukivimba asubuhi na kupungua kadiri mchana unavyosogea, mara nyingi ni maji, na hapo naagiza vipimo vya figo na vya tezi ya thairoidi kwanza. Ukibaki vilevile asubuhi hadi jioni, na ukazidi kujitokeza unapotazama juu, hayo ni mafuta. Yapo tangu utotoni kulikinga jicho; utando unaoyazuia ukilegea, yanasogea mbele. Kuna wanaorithi hali hii na kuwa nayo wakiwa bado vijana.

Weusi ni suala tofauti kabisa. Kwetu weusi chini ya macho mara nyingi ni rangi ya ngozi yenyewe, ya kurithi au iliyoletwa na mzio na kufikicha macho miaka nenda rudi. Upasuaji utaondoa kivuli cha mfuko, rangi itabaki. Namwambia mgonjwa hilo kabla hajalipa hata shilingi. Na tafadhali, krimu za kuchubua zisikaribie macho.

Kisha naivuta kope ya chini kwa kidole na kuiachia. Ikirudi papo hapo, ina nguvu. Ikisubiri mpaka upepese, lazima niikaze wakati wa upasuaji, la sivyo itashuka, jicho libaki wazi, likauke na kutoa machozi hovyo. Hilo ndilo ninaloliogopa. Wagonjwa wengi wanaogopa keloidi, yaani kovu nene linalovimba na kuzidi jeraha, lakini kwenye ngozi ya kope ni nadra sana, hata kwa mtu anayezipata kifuani au masikioni.

Kama ngozi haijazidi, napitia ndani ya kope, na nje hakuna mshono. Njia hiyo Julien Bourguet aliieleza huko Paris mwaka 1924. Ngozi ikizidi, nakata mstari mwembamba chini tu ya nywele za kope. Mafuta yako katika mafungu matatu, nami sikubali kuyatoa yote hata nikiombwa. Zamani yalitolewa mengi, macho yakadidimia, na mtu akaonekana mzee kuliko alivyokuja. Siku hizi mara nyingi tunayasogeza yajaze bonde lililo kati ya kope na shavu. Kazi huchukua saa 1 hadi 2, kwa ganzi na dawa ya kusinzia, na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.

Presha iwe imetulia kabla ya siku hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni ziachwe mapema, maana huongeza kuvuja damu. Aspirini ya moyo usiiache kabla hatujazungumza na daktari wako wa moyo.

Siku 2 za kwanza uvimbe unapanda, na kioo kitakutisha. Weka kitambaa cha baridi kwa dakika 10 hadi 15, upumzishe, urudie. Lalia mito miwili. Usiiname kufua wala kufagia. Muislamu aswali ameketi, rukuu na sijda azifanye kwa kuashiria, mpaka nimruhusu. Nyuzi, kama zipo, hutolewa siku ya 5 hadi ya 7. Damu iliyovilia hushuka hadi mashavuni, kisha huisha ndani ya wiki 2 hivi. Wanja na lenzi vingoje muda huohuo.

Maumivu makali ya jicho moja, jicho kusukumwa nje, au kuona kufifia, hasa ndani ya saa 24 za kwanza: usimeze panadol na kungoja kukuche. Huenda damu inakusanyika nyuma ya jicho, na neva ya kuona inaweza kuharibika moja kwa moja ndani ya saa chache. Njoo hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku, huku ukinipigia simu njiani.

Ukiwa na harusi, fanya upasuaji angalau miezi 2 kabla. Wiki ya tatu upande mmoja unaweza kuwa umevimba kuliko mwingine, na watu hunijia na wasiwasi. Nawaomba wasubiri, kwa sababu umbo halisi huonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na kabla ya hapo sirudii kukata.