Slesi si SLS, na zote mbili si sabuni

Mafunzo ya kutengeneza sabuni ya maji hapa Kigoma huanza na slesi, yaani SLES (sodiamu laurili etha salfeti), ule uji mzito unaonata, na mara nyingi mwalimu huandika ubaoni "SLS", ambayo ni kemikali nyingine (sodiamu laurili salfeti). Hapo ndipo vipimo vinapoharibika.

Zote mbili ni kemikali za kusafishia. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mkia hushika grisi, kichwa huivutia majini.

L ni laurili, kutoka Laurus, jina la Kilatini la mti ambao mbegu zake zina asidi ya lauri. Kwetu asidi hiyo haihitaji mti wa mbali: karibu nusu ya mafuta ya mise, yaani ya kokwa ya mchikichi, ni hiyo. Mawese, yanayotoka kwenye nyama ya chikichi lilelile, hayana kiasi cha kutajika. Ndiyo maana sabuni ya mise hutoa povu jingi kuliko ya mawese.

Lakini sabuni ya mise ni sabuni kweli: mafuta na kostiki soda. Magnesi iliyo nyingi katika maji ya Ziwa Tanganyika huishika na kuacha utando mweupe kwenye beseni. SLS na SLES ni salfeti, hutoa povu hata katika maji hayo.

Sasa ile E. Ni etha. Kabla ya kuwekewa salfeti, mkia huungwa vipande vya etha, kwa kawaida viwili au vitatu, na matokeo yake ni SLES: laini zaidi kwa ngozi, huuzwa ikiwa uji wa asilimia 70. Itie kidogo kidogo kwenye maji mengi na ukoroge taratibu; ukimwagia maji machache juu yake, hugeuka jeli ngumu yenye mabonge. Chumvi huizidishia uzito, lakini ikipita kiasi sabuni hurudi kuwa majimaji, na kuongeza chumvi nyingine hapo ni kuharibu zaidi.

SLS isiyo na E ni unga au vijiti vyeupe; vaa barakoa unapoupima, unawasha pua. Imo katika dawa nyingi za meno. Maabara huiita SDS, na huitumia kukunjua protini kabla ya kuzitenganisha kwenye jeli. Myeyusho wake wa asilimia 10 ukiwekwa kwenye friji huganda fuwele. Upashe moto kidogo, utayeyuka. Usiuchanganye na chumvi za potasiamu, utafanya mashapo.

Kwa hiyo mwalimu akiandika fomula, tunaomba aandike "SLES asilimia 70". Gramu 100 za uji huo zina gramu 70 tu za kemikali yenyewe, ilhali unga wa SLS huzidi 90. Anayeweka unga gramu kwa gramu hupata sabuni kali inayokausha mikono, kisha hulaumu rangi au pafyumu.