Baiskeli ya Kazini: Dhana Potofu Kuhusu Rangi Mpya na Usalama Barabarani

Wapo wanaoamini kwamba kutu ya baiskeli ikifunikwa kwa rangi nzito haiendelei tena, na hii ndiyo dhana inayonisikitisha kuliko zote, hasa katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Ukweli ni kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni tu, navyo hupenya pale ambapo rangi haikushika vizuri, huku chumvi ya upepo wa bahari ikiharakisha uharibifu. Chuma huendelea kulika chini kwa chini, rangi ikavimba, kisha ikabanduka. Fremu ya chuma isuguliwe kwa msasa namba 80 au 120 mpaka ing'ae, ilainishwe kwa namba 240, ifutwe vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye thina, kisha ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza, ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa kuwa chuma kilicho wazi katika hewa yenye unyevunyevu hushika kutu upesi. Kabla ya kupaka, ziba hesi (mikato ya skrubu) za ekseli ya pedali na sehemu zinazokaa beringi za uma unaoshika gurudumu la mbele. Lakini tundu dogo la kutolea maji chini ya fremu, kama lipo, lisizibwe kwa rangi, na namba ya fremu ibaki ikisomeka, maana ndiyo utambulisho wako baiskeli ikiibwa.

Dhana nyingine ni kwamba rangi isiyonata mkononi imekwisha kukauka. Rangi ya mafuta hutangulia kukauka juu, nayo huweza kuchukua wiki nzima au zaidi kuwa ngumu hadi ndani. Ndiyo maana matabaka mawili au matatu membamba ni bora kuliko moja nene.

Wala rangi haiimarishi fremu kuukuu. Mstari mwembamba wa kutu kwenye maungio, hasa chini ya usukani na karibu na ekseli ya pedali, unaweza kuwa ufa. Ukiuona, usiufunike: mpelekee fundi kwanza.

Kuhusu barabarani, rangi nyeupe au ya njano haitoshi usiku. Funga taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na riflekta kwenye pedali, ambazo mwendo wake wa kupanda na kushuka humtambulisha mpanda baiskeli haraka.

Hatari zaidi ni imani kwamba ni salama kuendesha upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Tanzania na Kenya vyombo vyote hupita kushoto, baiskeli ikiwemo. Kuyatazama magari ni kanuni ya mtembea kwa miguu. Ukienda kilomita 15 kwa saa na gari likienda 50, mkielekeana mnakaribiana kwa kilomita 65 kwa saa, ilhali mkifuata upande mmoja ni 35 tu. Tena dereva anayetoka barabara ya pembeni na kukata kushoto hutazama kulia kwake, yanakotokea magari, asitarajie baiskeli kutoka kushoto.