Kufufua Honda CG125 nyumbani: ifunge mara mbili, rangi ije mwisho

Kati ya pikipiki kuukuu ambazo watu watatu au wanne wanaweza kuzifufua uani kwa spana za kawaida, Honda CG125 naiweka mbele. Ilianza kutengenezwa 1976, na umbo la injini yake ndilo lililoigwa na injini nyingi za Kichina za 125 na 150 zinazobeba abiria huku kwetu. Kemshafti yake inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo ndefu, kwa hiyo hakuna cheni ya ndani ya kulegea na kupiga kelele. Spea nyingi utazipata kwenye duka lolote la bodaboda, ila usinunue kwa macho. Nenda na spea ya zamani mfukoni, pima kwa kalipa (rula ya kubana ya kupimia milimita), hesabu meno, ndipo ulipe.

Miradi mingi ya namna hii hufia kwenye rangi. Tangi linapigwa rangi wiki ya kwanza, linang'aa, kisha injini inagoma kuwaka, spana zinakwaruza, petroli inamwagika, na hamu inaisha. Pikipiki ya kufufua hufungwa mara mbili. Mara ya kwanza inafungwa ikiwa mbaya vilevile: injini, umeme, breki, usukani mpya, kiti kipya, kila kitu, kisha inaendeshwa. Ikishapita hapo ndipo inafunguliwa tena kwa ajili ya rangi.

Kabla ya spana ya kwanza, chukua kadi ya usajili na ulinganishe namba ya fremu na ya injini kwa kusugua kutu taratibu. Usipitishe grainda karibu na namba hizo. Zikifutika, una vyuma tu, huna pikipiki.

Marafiki wapewe kazi mapema, kila mtu na yake. Anayejua umeme ashike waya tu. Anayejua kuchomelea asubiri fremu. Na awepo mmoja, hata kama hajui ufundi, wa kupiga picha kila hatua na kutia bolti kwenye mifuko yenye maandishi. Huyu ndiye ataokoa siku mbili nzima mwishoni. Kitu kimoja cha kumwambia kila anayeshika bisibisi: skrubu za nyota za pikipiki za Kijapani hazikai sawasawa na bisibisi ya nyota ya kawaida. Inapanda, inateleza, na kichwa kinaliwa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo yenye ncha ya Kijapani, au badilisha skrubu zote za makava kwa bolti za ufunguo wa L.

Injini iliyokaa miaka usiipige kiki. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili, uache siku mbili. Kisha weka gia ya juu na usukume gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Kiki ina nguvu ya kuvunja ringi zilizoshikana na kutu.

Ikizunguka, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ukiwa umefungua moto wote, yaani mshiko wa kuongeza mwendo. Ikisoma chini, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda wazi, ringi au silinda imekwisha. Isipopanda, valvu hazikai, au gasketi ya kichwa inavuja. Kipimo hiki cha dakika tano kinakuambia ununue nini, maana wengi hununua pistoni wakati ugonjwa uko kwenye valvu.

Silinda ikiwa na michirizi inayokwama kwenye ukucha, itachongwa. Pistoni za saizi kubwa zinapanda kwa 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00 mm. Nunua pistoni kwanza, ndipo umpelekee fundi wa mashine pamoja na silinda, achonge kufuata pistoni hiyo hiyo uliyoishika. Kabla ya kuvalisha ringi mpya, iweke peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pitisha filageji (vibapa vyembamba vya kupimia mwanya) kwenye mwanya wa ncha zake: uwe kati ya 0.15 na 0.35 mm. Ukiwa mdogo zaidi, ringi ikipata moto ncha zitagongana na kukwangua silinda. Pistoni ina alama ya IN, nayo iangalie upande wa kabureta. Ziba mdomo wa nyumba ya krenki kwa kitambaa safi unapovalisha klipu za pini, na klipu ziwe mpya kila mara. Klipu kuukuu ikichomoka, inaharibu silinda uliyotoka kuilipia.

Valvu zote mbili huwekwa mwanya wa 0.08 mm, injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha krenki mpaka alama ya T kwenye magineto ikutane na alama ya kava, kisha shika roka zote mbili (mikono midogo inayosukuma valvu) kwa vidole. Zote zikicheza kidogo, uko sawa. Moja ikibana, uko mzunguko mwingine: zungusha krenki raundi moja nzima urudi kwenye T. Filageji ipite kwa ukinzani mwepesi, kama karatasi inayovutwa kutoka chini ya kitabu. Mafundi wengi hubana zaidi ili mlio wa tiki-tiki uishe. Injini inanyamaza kweli, lakini ikipata moto valvu ya ekzosi haifungi tena, gesi ya moto inapenya pembeni yake, na uso wake unaungua. Dalili ya kwanza ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi na kugoma ikiwa imepata moto. Mlio mdogo ni afya.

Ukiwa umefungua kava la klachi, fungua pia kikombe cha kuchuja oili kilicho mwisho wa krenki. Kinakusanya uchafu kwa kuuzungusha ukutani, na kwenye pikipiki kuukuu utakuta tope zito kama udongo wa mfinyanzi. Kikwangue, kioshe kwa petroli, rudisha na gasketi mpya. Oili ni kama lita moja. Chagua 10W-40 yenye alama ya JASO MA, ya oili inayofaa klachi za pikipiki. Baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyofanya klachi ya pikipiki iteleze, kwa sababu klachi hii inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo.

Kabureta ichokolewe kwa uzi wa waya wa shaba, kamwe si kwa sindano. Tundu la jeti likipanuka kidogo tu, petroli inazidi siku zote. Ukinusa petroli kwenye oili, sindano ya floti haifungi.

Sasa umeme. Chunguza kwanza balbu na betri: CG za mwanzo ni volti 6, za baadaye 12, na ukichanganya, balbu zinakatika au taa inabaki kama kibatari. Kwenye mfumo wa volti 12, betri iliyochajiwa isome karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.5 na 14.8 injini ikizunguka kwa kasi ya wastani. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) haifanyi kazi au ethi yake, yaani muungano wake na chuma cha fremu, imelegea.

Ethi ndiyo inayotesa pikipiki zilizopakwa rangi upya. Injini ilikuwa inawaka vizuri, fremu ikapakwa, ikafungwa tena, na sasa cheche ni dhaifu na indiketa zinawaka zote kwa pamoja. Rangi haipitishi umeme. Kabla ya kupaka, ziba kwa tepu sehemu ya bolti ya ethi na mahali injini inapokaa, au baadaye zikwangue mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, ndipo ufunge.

Breki za ngoma usizipulizie kwa upepo, kwa kuwa shuu za zamani huenda zina asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji. Gamba la shuu likibaki milimita 2, badilisha. Gololi za shingo ya usukani zihesabu kabla hazijamwagika. Na tairi lenye namba 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama meno yake yamejaa.

Ukitaka kubadilisha umbo la pikipiki, hatari iko nyuma. Kabla ya kukata mkia wa fremu, toa springi za shokapu, shusha fremu mpaka mwisho wa mwendo wake, na utie alama mahali tairi linapofika. Kata juu ya hapo. Ukikata kwa macho, siku utakapompakia mtu tairi litakula kiti. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe na rafiki yeyote, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki unatosha kulipuka. Kutu ya ndani inatoka kwa siki ya siku moja pamoja na nati kadhaa za kutikisia. Suuza kwa maji ya baking soda, kausha, na papo hapo zungusha oili ndani, la sivyo kutu inarudi siku hiyo hiyo.

Rangi ya juu kwenye tangi iwe vanishi yenye hadina (dawa ya kuigandisha). Vanishi ya kopo ya kawaida ikidondokewa na petroli inalainika kama sabuni. Moshi wa hadina ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa yenye filta za kemikali.

Usukani ukishafungwa, washa injini iungurume taratibu, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda upande wowote, kebo ya moto ni fupi au imepita vibaya, na kwenye kona pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Ipitishe upya kabla mtu hajapanda. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 100, ikiwa bado ya moto, uiangalie juani kwenye beseni jeupe: vumbi laini la kung'aa ni ringi mpya zinazokaa, vipande vinavyoshikika kwa vidole vinataka injini ifunguliwe tena.