Kabla Jua Halijapanda Kongowea: Benki ya Chakula Inavyofanya Kazi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi soko la Kongowea huwa limeshamaliza sehemu kubwa ya biashara yake. Malori yaliyoingia usiku yameshushwa, mahamali wanatafuta chai, na kando ya mabanda ya tungule, yaani nyanya, kuna kreti ambazo hazikupata mnunuzi. Hazijaoza. Zimeiva, zimeiva hasa, na kwa joto letu ikifika jioni zitakuwa maji. Mwenye mali analijua hilo, ndiyo maana hapigi tena kelele za bei. "Mwanangu, hizi zataka leo," mama mmoja aliniambia huku akinisogezea kreti kwa mguu. Kazi yetu sijapata kuisikia ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Mimi ni mtaalamu wa lishe na usalama wa chakula katika benki ya chakula hapa Mombasa. Watu wakisikia neno benki hudhani tunakopesha unga, au kwamba asubuhi kuna foleni ya watu na vikapu vyao mlangoni. Hatuna foleni. Tuna ghala, mizani, daftari, gari moja, na orodha ya wapishi: makao ya watoto, madrasa na shule zinazopika mchana, vikundi vya kina mama kuanzia Likoni hadi Mikindani. Chakula huingia kutoka kwa waliozidiwa nacho, kikachambuliwa na kupimwa, kisha kikaenda kwa hao wapishi. Sisi hatuwezi kumjua kila mwenye njaa. Anayemjua ni mwalimu anayemwona mtoto akisinzia saa nne asubuhi.

Mtindo huu hatukuubuni sisi. Mwaka 1967, mjini Phoenix huko Marekani, John van Hengel alianzisha ghala la kupokea vyakula ambavyo maduka yalikuwa yakivitupa vingali vizuri, na jina la benki likashika. Lakini ghala la Phoenix na ghala la Mombasa hayafanani, kwa sababu njaa yenyewe haifanani.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii ndogo, na mashamba tuliyo nayo hayawezi kuwalisha. Viazi na kabeji vyatoka bara, mboga zatoka Taita, maembe Kilifi, vitunguu vingi vyavuka mpaka kutoka Tanzania. Kwa hiyo hapa mjini karibu kila tonge hununuliwa. Baba asiyepata kibarua leo, nyumbani kwake hakuna sima leo, hata kama ukuta wa nyumba yake umepakana na soko. Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa kuingia na kutoka kwa sababu ya korona, jambo hili lilionekana kwa macho: mchele haukuisha Mombasa, kilichoisha ni riziki ya kuununulia. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Haisemi haki hiyo inangoja mshahara.

Na huku nyuma chakula kinatupwa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05, karibu sehemu moja ya tano ya chakula kilichokuwa tayari kwa walaji. Asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, si sokoni wala hotelini. Nawaambia hili wale wanaopenda kunionyesha mapipa ya hoteli za pwani ya kaskazini.

Sehemu ngumu ya kazi yangu ni kukataa. Simu za saa nne usiku nazifahamu: harusi imekwisha, masufuria mawili ya biriani yamebaki, njooni mchukue, ni thawabu. Nauliza yalipakuliwa saa ngapi. Kama ni adhuhuri, jibu ni hapana, na mtu hukasirika, nami namwelewa. Lakini Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Ama kiwekwe cha moto kupita nyuzi 60, ama kipoozwe haraka na kihifadhiwe chini ya nyuzi 5. Wali una hatari yake ya peke yake. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa ukiwa vuguvugu hutoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Jodari vivyo hivyo: akikosa barafu tangu anapovuliwa, hujenga kitu kinachowasha mdomo na kuvimbisha uso, na hakuna kukaanga wala kupaka nazi kutakakokiondoa. Mtoto wa makao akiharisha hana mama wa kukesha naye. Basi nakataa.

Mahindi nayo nayaogopa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, hasa Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na punje nyingi zenye sumu hiyo huwezi kuzitambua kwa jicho. Gunia lenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 haliingii ghalani, hata aliyelileta awe nani.

Msimu pia una mambo yake. Upepo wa kaskazi huja na maembe na samaki, ule wa kusi huja na bahari chafu na ghala linalotoa mwangwi. Mwaka wetu wa kwanza tulipokea lori zima la ngowe mwezi wa Januari, tukafurahi kama watoto, tukaligawa lote kwa siku moja. Makao yalikula maembe mpaka yakayachoka. Siku ya nne nikakuta mengine yamemwagwa nyuma ya jiko. Tulikuwa tumehamisha takataka kwa gharama ya mafuta yetu wenyewe. Sasa tunauliza kwanza, twagawa kidogo kidogo, na yanayozidi tunayakata na kuyaanika. Na ghalani kitokacho kwanza ni kile kitakachowahi kuharibika, hata kama kiliingia jana.

Ramadhani ni kaskazi nyingine. Unga, tende, mchele na mafuta huja kwa wingi kiasi kwamba tunaazima chumba. Zaka ya fitri, ile pishi ya kila kichwa, twaiandika katika daftari lake na kuitoa kwa wenyewe kabla ya sala ya Idi. Hiyo ina masharti yake na hatuichanganyi na sadaka. Ila sadaka yenyewe ingefaa itawanyike. Kila tajiri ataka kufuturisha, lakini mwezi wa Juni, mvua imekatiza vibarua na ngalawa ziko ufukweni, simu yangu hailii.

Ukitaka kutusaidia, piga simu kabla, si baada. Hoteli ituachie kilichobaki jikoni kabla hakijapakuliwa mezani kwa wageni. Mfanyabiashara asisubiri kreti ivuje. Wa nyumbani, unga tunao mara nyingi. Kinachokosekana ni pojo, maharage, dagaa, mafuta, maana mtoto anaweza kushiba sima kila siku na bado akadumaa. Na usione haya kutoa pesa badala ya chakula. Gari halitembei kwa pojo.

Zile kreti za yule mama zilikuwa tisa. Tulichambua hapo hapo sokoni, tukatupa zilizopasuka, zikabaki saba na kidogo. Mizani, daftari, tuktuk, Kisauni. Saa tano zilikuwa zinachemka na pojo na nazi katika sufuria la shule, na mpishi alikuwa ananilalamikia kwamba sikuleta vitunguu.