Waridi chotara la chai: maana yake, na namna ya kuchagua aina ya kupanda bustanini

Mtu akifumba macho na kuwaza ua la waridi, karibu kila mara analowaza ni waridi chotara la chai: ua moja kubwa juu ya shina refu lililonyooka, tumba limechongoka, petali zimejikunja kuzunguka kitovu kilichoinuka na kingo zake zinapinda nje kidogo kidogo jinsi ua linavyofunguka. Kwenye orodha za wauza miche kundi hili huandikwa kwa herufi mbili tu, HT, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Hybrid Tea. Ndani yake zimo aina maelfu, na kila mwaka zinaongezwa nyingine.

Angalia lakini kwamba maelezo hayo yote ni ya ua. Hayasemi chochote kuhusu majani, kimo cha mmea, mizizi, wala mvua ya wiki nzima itaufanya nini mmea wenyewe. Miwaridi miwili inaweza kuandikwa HT, mmoja ukakaa na majani mabichi hadi chini mwaka mzima, wa pili ukabaki fito tupu zenye ua juu. Kuchagua aina, kwa hiyo, ni kuuliza maswali ambayo picha ya ua haiwezi kuyajibu.

Tuanze na asili yake, maana tabia nyingi za leo zimetoka huko. Mawaridi ya chai yalianza kufika Uingereza kutoka China mwaka 1809, kisha 1824, na yakaitwa hivyo kwa sababu harufu yake ilifananishwa na ya majani ya chai. Yalikuwa na petali laini, rangi za maziwa na manjano hafifu, na sifa iliyowashangaza wakulima wa Ulaya: yalichanua tena na tena. Ila yaliogopa baridi kali, na vikonyo vyake vilikuwa dhaifu kiasi kwamba ua liliinamisha kichwa. Upande wa pili wa ukoo ni miwaridi mikubwa yenye nguvu iliyopendwa Ulaya karne ya 19, yenye harufu nzito na uwezo wa kuvumilia baridi, lakini ikichanua kwa wingi mara moja na baada ya hapo kwa kudonoadonoa.

Waridi linalohesabiwa kuwa la kwanza la kundi hili ni 'La France', lililotolewa mwaka 1867 na Jean-Baptiste Guillot wa Lyon, Ufaransa. Chama cha mawaridi cha Marekani kimeufanya mwaka huo mpaka: kundi la mawaridi lililokuwapo kabla ya 1867 ni la kale, lililokuja baadaye ni la kisasa. Hata hivyo, 'La France' lenyewe lilikuwa karibu tasa, halikuzaa ukoo wa maana. Aliyeonyesha kwamba uchotara unaweza kupangwa ni Mwingereza Henry Bennett, mfugaji wa ng'ombe aliyechukua utaratibu wa kuchagua dume na jike akauhamishia kwenye maua. Mwaka 1879 aliuza machotara yake huku akitaja wazazi wa kila moja, jambo ambalo wenzake wengi hawakulijali. Walikuwa wakiacha nyuki wafanye kazi kisha wanaotesha mbegu na kuomba bahati.

Kisha ikaja rangi ya manjano kali, na hapa ndipo panapomgusa mtu anayechagua mche leo. Joseph Pernet-Ducher, naye wa Lyon, alitumia waridi la manjano la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa 'Soleil d'Or'. Kutoka humo zikafuata rangi za chungwa, shaba na mchanganyiko wa manjano na nyekundu ambazo kundi hili halikuwa nazo. Lakini waridi lile la Uajemi lilikuja na udhaifu wake: huugua vibaya ugonjwa wa madoa meusi. Wazalishaji waliifukuzia rangi, wakarithishana na ugonjwa. Ndiyo maana mawaridi mengi ya manjano na chungwa ya katikati ya karne ya 20 hupukutisha majani upesi kuliko ndugu zao wa pinki na wekundu.

Madoa meusi husababishwa na kuvu. Mbegu zake zikitua kwenye jani lililolowa, zinahitaji unyevu udumu kama saa saba hivi ili zipenye. Jani likikauka mapema, zimeshindwa. Kwa hiyo mahali penye mvua za mfululizo au umande unaokaa hadi saa nne asubuhi, sifa ya kwanza ya kutafuta kwenye aina yoyote ni ukinzani wa ugonjwa huu. Rangi na harufu zifuate nyuma. Ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga unaokunja majani machanga, una tabia nyingine kabisa: haupendi majani yaliyolowa, hustawi mchana ukiwa mkavu na usiku ukiwa na unyevunyevu na ubaridi. Aina inayoshinda ugonjwa mmoja si lazima ishinde wa pili. 'Super Star', lililotolewa Ujerumani mwaka 1960 na kusisimua dunia kwa rangi yake ya chungwa inayong'aa, hupatwa na ubwiri unga kwa urahisi. 'Papa Meilland', jekundu iliyokoza karibu na weusi na lenye harufu ambayo wengi hawajapata ya kulinganisha nayo, ni hivyo hivyo.

Njia nzuri ya kupima madai ya muuzaji ni kuuliza waridi lilijaribiwa wapi na kwa namna gani. Ujerumani kuna jaribio liitwalo ADR: miwaridi hupandwa kwenye vituo mbalimbali, hukaguliwa kwa miaka mitatu, na tangu 1997 hainyunyiziwi dawa yoyote ya kuvu. Zinazopita ni chache, na za kundi la HT ni chache zaidi. Alama hiyo ina uzito kuliko medali ya ua zuri, ingawa nayo ina mpaka wake: jaribio la nchi ya baridi halikuambii mmea utafanya nini kwenye joto la pwani.

Hilo latuleta kwenye petali, hesabu ambayo wanunuzi wengi huiruka. Waridi la HT laweza kuwa na petali 25, laweza kuwa na 50 au zaidi. Wingi unaonekana kama faida, lakini petali nyingi huhitaji joto na ukavu ili zifunguke. Penye mvua na ubaridi, petali za nje hulowa, hushikana, na tumba huoza likiwa bado limefumba. Penye joto kali mambo hugeuka: ua la petali 25 hufunguka asubuhi na kufikia jioni limeshapoteza umbo, ilhali lile la petali 45 huchukua muda wake na kubaki na kitovu kilichosimama kwa siku kadhaa. Basi kwa sehemu ya mvua nyingi tafuta petali za kiasi, kwa sehemu ya jua kali tafuta nyingi. Joto pia hupunguza ukubwa wa ua na kupausha rangi, na mawaridi mekundu yaliyokoza sana huungua kingo kwenye jua la mchana. Aina moja inaweza kupigwa picha mbili mahali pawili ukadhani ni mbili tofauti. 'Double Delight', jeupe kama malai lenye kingo nyekundu, wekundu wake hutokea kwa kupigwa na mwanga wa jua. Likikuzwa ndani ya banda hubaki jeupe zaidi.

Kuhusu rangi sina mengi, kila mtu na macho yake. Niseme tu kwamba waridi la buluu halisi halimo kwenye kundi hili. 'Blue Moon', licha ya jina lake, ni la zambarau iliyofifia, japo harufu yake yatosha kulisamehe.

Harufu ni suala zito kuliko linavyochukuliwa. Watu hununua waridi dukani, wanalinusa, hawapati kitu, wanasema mawaridi ya siku hizi hayanukii. Ukweli ni kwamba aina za biashara ya maua ya kukata zilichaguliwa kwa kudumu kwenye chombo, kuvumilia safari na kuwa na shina refu. Harufu haikupewa kipaumbele. Aina hizo huzalishwa kwa ajili ya mabanda yanayodhibitiwa hewa na maji, na zikipandwa nje mara nyingi huugua. Ukitaka manukato, taja hivyo wakati wa kununua na utafute aina zilizojulikana kwa hilo: 'Mister Lincoln' jekundu, 'Fragrant Cloud' la rangi ya matumbawe, 'Just Joey' la rangi ya shaba. Ukitaka jekundu lenye afya na huna haja kubwa ya harufu, 'Ingrid Bergman' la Denmark la mwaka 1984 ni chaguo ambalo nalipendekeza bila kusita. Ugomvi kati ya harufu na afya si sheria ya maumbile, lakini katika aina za zamani utaukuta mara kwa mara.

Na lile maarufu kuliko yote, 'Peace'? Ni la manjano lenye kingo za pinki, kazi ya Francis Meilland wa Ufaransa, likatolewa Marekani kwa jina hilo mwaka 1945 vita vikielekea kwisha. Majani yake mapana yanayong'aa na nguvu zake viliwafanya wazalishaji walitumie kama mzazi wa aina nyingi zilizofuata. Bado ni waridi zuri. Ila miche inayouzwa leo imezidishwa kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 70, na wakulima wengi wanalalamika kwamba haina tena nguvu zilizosifiwa zamani, kwa hiyo sifa za kitabu cha zamani usizichukulie kama ahadi.

Kimo nacho kiulizwe. 'Mister Lincoln' huweza kufika mita mbili na kuonyesha miguu mitupu, hivyo hufaa nyuma ya kitalu, mbele yake ukaweka mimea mifupi. Kwa ujumla miwaridi hii hukua wima, haijazi nafasi kama kichaka. Mwenye kutaka kufunika eneo kwa maua mengi kwa pamoja atafute kundi la floribanda, linalotoa maua kwa mashada. HT huchanua kwa awamu. Baada ya kukata ua, jingine huchukua takriban wiki sita hadi nane, mapema kidogo penye joto. Hata aina bora haitafika huko bila jua la saa sita kwa siku, la asubuhi likiwa bora kwa sababu hukausha umande, na nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya mche na mche ili hewa ipite.

Mwisho ni chini ya udongo. Miche mingi ya HT imebebeshwa: jicho la aina uliyoichagua limepachikwa kwenye shina la waridi jingine lenye mizizi imara, na shina hilo ndilo linalokutana na ardhi yako. 'Dr. Huey', mojawapo ya mashina hayo, huvumilia udongo wenye chokaa. Waridi la multiflora hustawi kwenye udongo wenye tindikali kidogo na hunyong'onyea kwenye chokaa. 'Fortuniana' hupendwa kwenye mchanga wenye minyoo fundo, ile midogo inayoshambulia mizizi, lakini halihimili baridi kali. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia alitumia lipi. Kuna pia miche iliyooteshwa kwa mizizi yake yenyewe, ambayo huanza polepole lakini haina wasiwasi wa shina la chini kuchipua. Ukinunua iliyobebeshwa na siku moja mwaridi wako wa manjano ukaanza kutoa maua madogo mekundu iliyokoza kwenye fito ndefu zinazotokea chini ya kiungo, hilo ni shina la chini, pengine 'Dr. Huey', linajichipulia lenyewe. Fukua udongo hadi lilipoanzia, ling'oe kwa kulivuta. Ukilikata usawa wa ardhi litarudi na wenzake.