Iran wanawake wanasoma chuo, ile meseji tusiisambaze

Ile meseji ya kwenye magrupu eti Iran mwanamke haruhusiwi kusoma chuo, kupiga kura wala kuendesha gari, si kweli jamani. Kura wanapiga tangu 1963, vyuoni ni karibu nusu ya wanafunzi, na wapo wanasosholojia (wataalamu wa masuala ya jamii) wa kike wa Kiirani wanaotafiti jinsia na siasa za nchi yao. Watu wanachanganya na Afghanistan iliyowafungia wanawake vyuo Desemba 2022, na Saudia ambako hadi 2018 hawakuruhusiwa kuendesha. Kucheki ni rahisi, fungua takwimu za elimu za kimataifa, chagua Iran, tazama wanawake elimu ya juu. Kubanwa kupo na kunauma, sheria inalazimisha hijabu, mke anahitaji ruhusa ya mume kupata paspoti, na hayo ndo watafiti wanayachambua. Ukitumiwa tena iishie kwako, isiende kwa wengine, na mwelekeze aliyetuma taratibu.