Telekonveta ya 2x haigeuzi 70-200 kuwa 100-400

Wengi wanaamini ukifunga telekonveta ya 2x (kile kipande chenye vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kinaongeza urefu wa lenzi mara mbili) kwenye lenzi ya zumu ya 70-200mm f/2.8 basi ushapata 400mm, kununua lenzi ya 100-400mm ni kutupa hela. Hapana jamani. Urefu unaupata kweli, ila mwanga unapotea stopu 2 (kila stopu moja ni mwanga kupungua nusu), ile f/2.8 yako inakuwa f/5.6, maana namba ya f ikikua mwanga unaoingia unapungua, na inakuza kila kitu mpaka kasoro za lenzi yenyewe.

Mimi nilijaribu Mikumi saa 12 na nusu asubuhi, twiga yuko mbali kwenye nyasi, fokasi inaenda inarudi inaenda inarudi, nilivyokuja kuikuza picha kwenye kompyuta kope zake zimegandana kama zimepakwa rangi kwa brashi. Iliniuma sana.

Ya 1.4x ni habari nyingine, inakula stopu 1 tu, kwenye 300mm f/2.8 unapata 420mm f/4 na picha inabaki kali, hiyo naikubali kabisa. Lakini kwenye zumu ya f/5.6 unafika f/8, na hapo DSLR (kamera zenye kioo ndani) nyingi za zamani zinagoma kufokasi zenyewe. Tena lenzi nyingi hata haziikubali telekonveta, vioo vinagongana, angalia kwanza kabla hujalipa.